Tumechoka Kuhurumiwa, Tunataka Kuhurumiana

Ndugu zetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, na nyinyi dada na kaka wa mashirika ambao tunajua mnapitaga hapa kusoma tunachoandika, leo tunaandika tukiwa na hasira kidogo, mtatuvumilia.

Jumapili iliyopita mzee mmoja tunayemheshimu alipita pale tunaposomea, nyuma ya fundi redio kule New Congo. Alitukuta watu kumi na wanane, kitabu kimoja. Akasimama, akatuangalia weee, halafu akasema: "Vijana wazima, mna mikono na miguu, mnakaa kusikiliza hadithi. Unga uko wapi?" Akaenda zake. Hakungoja jibu. Sasa jibu tunaliandika hapa, maana wajukuu wake wana simu na watamsomea.

Baba, shikamoo. Unga hakuna. Wewe unajua na sisi tunajua. Tangu 2023 walipotugawanya makundi matatu, kundi la kwanza likabaki na asilimia 60 ya mgao, la pili 30, na la tatu likaambiwa lijitegemee. Mwaka 2025 mkato mwingine ukaja na majina mengi zaidi yakatoka kwenye orodha. Sisi tunasoma masaa mawili kwa wiki, Jumapili, saa ambayo hakuna mwenye shamba anayeita vibarua. Tukiacha kusoma hayo masaa mawili, unga hautoki popote. Tunasema hivyo kwa sababu tulijaribu. Kuna msimu tuliacha kabisa, kila mtu akakimbilia vibarua vyake, na kilichoongezeka nyumbani hakikuwa chakula. Kilichoongezeka ni maneno.

Maneno gani? Mnayajua. "Yule ana duka, mbona bado yuko kundi la kwanza?" "Mke wake anafanya kazi kwa Wasomali, mbona wanampa?" Njaa ya kugawanywa makundi ni mbaya kuliko njaa ya wote. Njaa ya wote mnalala nayo pamoja. Njaa ya makundi inakufanya uhesabu magunia ya jirani. Tumeona mama mmoja akienda kumsema jirani yake kwenye dawati la malalamiko, jirani ambaye mwaka mmoja kabla alimsaidia kujifungua usiku bila tochi. Na tuseme ukweli wote: hata kati yetu kuna waliowahi kufanya hivyo. Sasa baba, ukituuliza kitabu kinaleta nini, tunakuuliza na sisi: hilo dawati la malalamiko lililetwa na nini, na nani atalitoa ndani ya vichwa vyetu?

Lakini tusimwonee mzee peke yake. Kuna wengine wanatupenda sana, na hao ndio wanatuumiza zaidi.

Mwaka jana tulitembelewa. Hatutaji nani, wala hamna haja ya kubahatisha. Walikuja na gari, wakasema wamesikia kuna vijana wa mataifa tofauti wanasoma pamoja, na kwamba hiyo inaingia vizuri kwenye mradi wao wa kuishi pamoja kwa amani. Wakatoa karatasi ya mahudhurio. Jina, umri, jinsia, nchi uliyotoka, namba ya kadi ya familia, sahihi. Halafu soda. Halafu fulana, fulana nzuri kweli, tusidanganye, wengine bado tunazivaa. Halafu kamera. Dada mmoja kati yetu ambaye husoma vizuri kuliko wote aliombwa aeleze mbele ya kamera yaliyompata kule alikotoka na jinsi kikundi kilivyomponya. Akasema: "Mimi nimekuja kusoma." Wakamwomba tena kwa upole. Akarudia neno lile lile. Wakamwendea mwingine, na huyo mwingine akasema wanachotaka, kwa sababu alidhani baadaye kutakuwa na kitu. Hakukuwa na kitu.

Hapo ndipo tulianza kuliangalia vizuri hili neno huruma. Tangu tumefika, tumehurumiwa. Tulihurumiwa pale Kabazana tulipopokelewa, tulihurumiwa kwenye foleni, tulihurumiwa kwenye picha. Na hatusemi ni vibaya. Bila hiyo wengine wetu tusingekuwa hai, na nchi hii iliyotupokea, yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, haikulazimishwa na mtu kutupa viwanja vya kulima. Tunashukuru, na tutashukuru. Lakini angalieni lugha yetu wenyewe. Kuhurumiwa, wewe umekaa, mwenzako amesimama. Kazi yako ni moja tu, kuonekana una shida. Ukicheka siku ya ugawaji unaharibu. Sasa weka herufi mbili tatu mwishoni: kuhurumiana. Hapo mtu mmoja hatoshi. Lazima wawe wawili, na wote wawili wawe na kitu cha kutoa. Sisi tunachosema ni kwamba mkimbizi akihurumiwa tu miaka kumi bila kupata nafasi ya kumhurumia mwingine, anaanza kukauka. Tumewaona waliokauka. Wengine ni kaka zetu wakubwa.

Na kuhurumiana hakuji kwenyewe kama mvua. Ni mazoezi, kama mpira. Hakuna timu inayoshinda Jumapili kwa sababu wachezaji ni watu wazuri moyoni.

Mazoezi yetu ni haya. Tunasoma kwa sauti, kwa zamu, kila mtu ukurasa mmoja. Anayejua na asiyejua. Mwenye kusoma polepole haharakishwi, na neno likimshinda hakuna kumrukia. Unangoja mpaka akuangalie. Kuna mwenzetu anageuza kwa Kirundi kwa wanaohitaji, tunangoja tena. Ukitaka kumpinga aliyesema, kwanza urudie alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndiyo, nilisema hivyo. Hii sheria ya mwisho ndiyo inayochosha kuliko zote. Mara nyingi mtu anarudia maneno ya mwenzake mara tatu, na ikifika ya tatu hasira imeshamwishia, au anagundua alikuwa anapingana na kitu ambacho hakikusemwa. Kweli, ni kungoja tu. Sisi ambao maisha yetu yote hapa ni kungoja, foleni, mahojiano, majibu ya kuhamishwa nchi ya tatu, tulidhani kungoja tunakujua. Kumbe tulikuwa hatujawahi kumngojea mtu. Tulikuwa tunangojea ofisi.

Kitabu tulichonacho sasa ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Ni nakala moja, haina jalada, na kurasa kadhaa tumezinakili kwa mkono kutoka kwenye picha ya simu. Kwa wasiokijua: kuna mtawala anaitwa Adili, mtu mwema, anapendwa na watu. Mgeni wa mfalme anakuja kwake, analala kwake, na usiku anamwona huyo mtu mwema anaamka, anachukua mjeledi na kwenda kuwachapa manyani wawili. Anawachapa hasa. Akimaliza, anawabembeleza na kuwalisha. Baadaye mnajua kwamba wale manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mansidi, waliomtupa baharini kwa wivu, na kwamba jini aliyewageuza ndiye aliyemwamuru Adili awachape kila usiku, na asipotii adhabu itamgeukia yeye.

Tulikaa kwenye huo usiku mmoja Jumapili tatu. Hatukuweza kuendelea. Kijana mmoja alisema: huyu Adili ni shirika. Tukacheka wote. Akasema, hapana, sikieni, mwezi huu wanakata chakula, mwezi ujao wanatuma mshauri wa mambo ya moyo aje atuulize tunajisikiaje. Anachapa, anabembeleza. Wengine wakapiga makofi. Yule dada aliyekataa kamera akarudia maneno yake kama sheria inavyosema, halafu akasema: lakini Adili hakujitungia ile amri. Aliambiwa. Na yule anayesimama mbele yetu na orodha hakuiandika. Mwingine akajibu, mkono ni wake lakini. Mjeledi uko mkononi mwake, angeweza kuuweka chini. Na angelishwa nini baada ya kuuweka? Angegeuzwa nyani wa tatu. Basi angalau tungekuwa nyani watatu! Hapo kelele zikawa nyingi mpaka fundi redio akatoka kutuuliza kama kuna vita.

Hatukupata jibu. Bado hatuna. Lakini tunataka wafanyakazi wa mashirika mjue kwamba mlijadiliwa namna hiyo, na kwamba kulikuwa na waliowatetea, bila kulipwa nauli.

Na hapa tuna la kuungama. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wengi wenu mlipoteza kazi ndani ya siku chache. Kaka mmoja aliyekuwa anatuazima viti vya ofisi alikuja kutuaga. Alikuwa ameshika bahasha. Mmoja wetu akamwambia, "Leo na wewe umeingia kundi la tatu." Tukacheka. Tulicheka kweli, si mmoja wala wawili. Yule kaka naye akajaribu kucheka, akashindwa, akaondoka, na viti akavirudisha siku ile ile kwa sababu havikuwa vyake. Alikuwa na watoto wawili na nyumba ya kupanga Mbarara. Tulijua hayo yote kabla ya kucheka. Miaka mitatu tunasoma pamoja na bado tulicheka. Kwa hiyo anayetuambia kusoma kunamfanya mtu awe malaika, huyo hatutetei. Tofauti tuliyoiona ni ndogo: Jumapili iliyofuata mtu aliliweka jambo lile katikati, na tukakaa nalo bila kulikimbia. Tulimwandikia ujumbe. Alijibu baada ya wiki mbili kwa neno moja, "Poleni." Tumebishana sana kuhusu hilo neno, alikuwa anatudhihaki au alikuwa anatusamehe.

Jumapili yenyewe iliyofuata ilikuwa tarehe 2 Februari, na ilikuwa na mzigo mwingine. Siku sita kabla, tarehe 27 Januari, Goma iliingiwa. Wenye ndugu kule wanajua zile siku zilikuwaje. Simu hazipokelewi, mtandao unakatika, sauti za watu kwenye vikundi vya WhatsApp, nyingine za kweli, nyingine za uongo, zote za kutisha. Hatutataja makabila hapa. Wanaosoma wanajua, na kutaja ndiko kulikotuleta huku wengi wetu. Tuseme tu kwamba kati yetu wamo ambao lugha ya mama zao ilitosha, wiki ile, kufanya majirani waache kuwasalimia bombani. Na wamo ambao walikuwa hawajui kama kaka zao wako hai.

Walikuja watu tisa. Wakakaa pande mbili, viti vyenyewe hakuna tena, watu kwenye mawe na madumu. Zamu ya kusoma ilikuwa ya kijana wa ile lugha. Alipofungua kitabu, mwenzake akasema: "Leo mimi siwezi kusikiliza huo mdomo."

Hakuna aliyejua la kufanya. Sheria yetu ya kurudia maneno, nani angeirudia hiyo sentensi? Kuna walioanza kuinuka. Mama mmoja, yule mkubwa kuliko sisi wote, aliyejifunza kusoma hapa hapa kambini akiwa na wajukuu (serikali inaita makazi, sisi mdomo umezoea kambi), akanyosha mkono akachukua kile kitabu na kuanza kusoma yeye. Mnajua anavyosoma. Silabi kwa silabi, kidole chini ya mstari. Ukurasa mmoja ulichukua karibu nusu saa. Kila lilipomshinda neno alitulia, na sisi tukatulia, na mara ya nne au ya tano akainua macho kuomba msaada, na waliomnong'oneza lile neno walikuwa ni wale wawili. Wote wawili kwa pamoja. Hawakuangaliana.

Ndiyo hiyo tu. Hawakukumbatiana, hakuna picha. Aliyesema maneno yale hakurudi mpaka Aprili, na aliporudi alikaa mbali na mwenzake, na mpaka leo si marafiki. Lakini wanapishana zamu ya kusoma, na Juni mmoja wao alipougua malaria mwenzake ndiye aliyempelekea mama yake ujumbe. Kwa wengine hayo ni madogo. Sisi tunaotoka mahali ambapo watu waliosoma darasa moja walifukuzana kwa panga tunasema si madogo.

Kwa hiyo, kwa wale wanaotuambia kuhurumiana ni kazi ya kanisa na msikiti: tunaenda huko pia, na tunaheshimu. Lakini kanisani wengi tunakaa na wa lugha yetu, tunaimba kwa lugha yetu, na kuwaombea watu wetu. Pale nyuma ya fundi redio huchagui wa kukaa naye, kwa sababu kitabu ni kimoja na inabidi usogee.

Sasa jambo ambalo hatukupenda kuliandika, tukapiga kura, na walioshinda wakasema liandikwe. Tulikuwa na mchango wa chai. Shilingi 500 kila Jumapili, majani, sukari, mandazi kidogo. Kitu kizuri, tulidhani. Kijana mmoja aliyekuwa hakosi akaanza kukosa. Wiki ya kwanza tukasema ana kazi. Ya pili hatukusema kitu. Ya tano mmoja wetu alimkuta Juru anafyatua matofali, akamuuliza, bro, vipi, mbona umetutupa? Akasema: "Nyumbani tumetolewa kwenye orodha. Mia tano ni chumvi na kibiriti." Wiki tano! Tulikuwa tunasoma juu ya ndugu waliomtupa ndugu yao baharini, tunabishana kwa sauti, tunakunywa chai, na mwenzetu tumemtupa sisi wenyewe kwa shilingi 500. Hakuna shirika la kulaumu hapo. Hakuna mzungu. Orodha ile tuliiandika sisi kwenye daftari, nani katoa, nani hajatoa, kwa kalamu nyekundu.

Chai tumefuta. Daftari tumechoma, ingawa mweka hazina alilia kidogo kwa sababu lilikuwa jipya. Sasa kuna sheria mpya, mtu akikosa mara moja, aliyekaa karibu naye Jumapili iliyopita anakwenda kwake kabla ya Jumatano. Haendi kuuliza kwa nini hukuja. Anakwenda kumwambia tumefika ukurasa gani. Yule kijana amerudi. Anasoma huku vidole vina udongo na sasa kurasa nyingine zina alama zake.

Kwenu wafanyakazi mliobaki, hatuombi fulana. Tunaomba vitu viwili. Kuna chumba, mnakijua, kina makasha ya vitabu na kimefungwa kwa kufuli tangu mtu mwenye ufunguo alipoishiwa mkataba. Panya wanasoma kuliko sisi. Mtu akate hiyo kufuli, sisi tutanunua nyingine, tutachangishana, na safari hii bila daftari. La pili, mje Jumapili. Mje bila jaketi lenye nembo, bila karatasi ya mahudhurio, mkae kwenye dumu na mkifikiwa na zamu msome. Mmoja wenu alishakuja, Mganda, Kiswahili kinamsumbua kweli kweli. Alisoma ukurasa mzima tukimngoja, jasho linamtoka, na mama yetu ndiye aliyekuwa anamsaidia maneno. Hatujawahi kumwona mama anafurahi vile.

Na kwako, baba, uliyeuliza unga. Kuna mtu kati yetu ana shamba dogo karibu na ziwa na mahindi yake yako karibu kukauka. Tumekubaliana kwenda kumvunia wote Jumamosi, na yeye atatoa debe moja, lipelekwe kwa familia mbili zilizotolewa kwenye orodha. Moja ni yako. Hatukukwambia Jumapili kwa sababu hukungoja.

Tunaendelea wiki hii saa tisa alasiri, pale pale. Tumefika pale mfalme anamwita Adili aje na manyani wake. Mwenye kigoda aje nacho.